Walinzi wa Pwani

Wazee wa pwani wana mithali isemayo, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Maana yake, mtu azungukaye ufuoni wakati maji yamekupwa hakosi kitoweo, atapata kaa, au pweza, au chaza, au samaki aliyesalia katika kidimbwi. Mithali hii yasifu bidii, kwa kuwa mvivu alalaye nyumbani hula wali bila mchuzi. Lakini ili mtu agaegae na upwa, sharti upwa wenyewe uwepo, na njia ya kuufikia iwe wazi. Wazee hawakulisema jambo hilo, maana katika siku zao hapakuwa na mtu aliyelitilia shaka.

Katika somo hili tutasoma habari za watu waliojitahidi miaka mingi ili upwa wao usipotee. Kwanza tutaitazama pwani yetu ya Bagamoyo, tupate kujua ni kitu gani hasa kilindwacho. Kisha tutakwenda kusini mpaka Rufiji, na baadaye kaskazini mpaka Lamu katika nchi ya Kenya.

1. Pwani yetu

Mtu akitoka mjini Bagamoyo na kushika njia ya kusini, baada ya mwendo wa kilometa 5 hivi atafika Kaole. Huko ataona magofu ya misikiti miwili, na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wataalamu wa mambo ya kale wasema kwamba msikiti mmoja asili yake ni ya karne ya 13. Zamani palikuwa na bandari hapo, na vyombo vilifika kupakia na kupakua. Leo mahali pale pa bandari pamejaa mikoko. Maji yalileta matope, mikoko ikaota juu ya matope, vyombo vikashindwa kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Basi magofu ya Kaole yatufundisha kwamba ufuo haukai siku zote pale pale kama ukuta wa kanisa. Hujengwa na kubomolewa, na wajenzi wake ni mito, mawimbi, pepo na miti.

Na tuitazame miti hiyo. Watu wengi huiita yote mikoko, lakini mafundi wa vyombo na wakata boriti huijua kwa majina yake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, na mkomafi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi midogo midogo ichomozayo katika matope kama kalamu zilizosimamishwa. Hiyo ndiyo pua ya mti, kwa kuwa ndani ya matope yale hamna hewa ya kutosha. Mbegu ya mkoko nayo ni ajabu. Huota ingali juu ya mti uliyoizaa, ikarefuka kama mkuki wa kijani. Ikisha kukomaa huanguka, ikajichoma katika matope na kushika mizizi; au kama maji yamejaa, huelea mpaka ufuo mwingine, ikaanza maisha huko.

Miti hii ina faida nyingi. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kuyashika matope, hata bahari isiile nchi. Kati ya mizizi hiyo kamba wadogo na samaki wachanga hujificha na adui zao mpaka wakue; kwa hiyo mvuvi atupaye wavu mbali na nchi huvuna kilicholelewa katika mikoko. Tena mikoko yatoa boriti za kujengea nyumba. Tangu zamani majahazi yalipakia boriti za pwani hii na kuzipeleka Arabuni, ambako miti ni haba. Ukataji ukazidi, hata mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ikaupiga marufuku. Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliongoza kazi ya kuandika mpango wa kuitunza mikoko yote ya Tanzania Bara. Huyo alikuwa mwanamke msomi wa mimea ya bahari, na wasichana wasomao kitabu hiki na walikumbuke jina lake.

Mchanga nao una kazi yake. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imekula ufuo kwa miaka mingi, ikaangusha na majengo. Wataalamu walipochunguza walitaja sababu mbalimbali, na mojawapo ni mchanga uliochimbwa katika mito ya nyuma ya pwani ile kwa ajili ya kujengea nyumba. Mto ndio uletao mchanga baharini, na mchanga ule ndio chakula cha ufuo. Ukizuiwa mtoni, mawimbi huendelea kuondoa wala hakuna kirudishwacho. Mwenye kuchimba hakuwa na nia ya kumdhuru jirani yake wa pwani. Pengine hata hakujua kwamba wana uhusiano.

2. Wanaoitaka pwani

Mvuvi hako peke yake katika kuipenda pwani. Mwenye hoteli huitaka kwa ajili ya wageni, mwenye chumvi huyataka maji yake, na Serikali huitaka kwa ajili ya bandari. Kazi hizi zote zaweza kuwa njema. Bagamoyo yenyewe ni mji uliokuzwa na vyombo vya bahari, wala haifai watu wake wachukie bandari.

Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilifanya mapatano na Wachina juu ya kujenga bandari kubwa mno huko Mbegani, karibu na mji wetu. Mwezi wa Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Katika vijiji vya karibu, kama Pande na Mlingotini, ambako wanaume huvua na wanawake hulima mwani majini, watu walianza kufikiri habari ya kuhama na kulipwa fidia. Mwaka 2019 Serikali ikayasimamisha mazungumzo, kwa kuwa haikuridhika na masharti ya wajenzi. Na tangu mwaka 2021 habari ya bandari ikazungumzwa tena. Fikirini maisha ya mtu wa kijiji katika miaka hiyo. Je, apande mnazi mpya, naye hajui kama atakula nazi zake? Je, aezeke nyumba, au aiache ivuje?

Hapo ndipo linapozaliwa swali la somo letu: kazi kubwa inapokusudiwa pwani, ni nani aulizwe, na aulizwe lini?

3. Watu wa Rufiji

Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na mahali hapo huitwa delta. Delta ya Rufiji ina mikoko zaidi ya hektari 50,000, nayo ndiyo mikoko mikubwa kupita yote iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kupewa kiasi cha hektari 10,000 huko ili ifuge kamba na kuwauza ng'ambo. Hektari 10,000 ni mraba ambao kila upande wake una kilometa 10. Mtoto akiuzunguka kwa miguu hatamaliza siku moja kabla ya kuchoka sana.

Wataalamu wa Baraza la Taifa la mambo ya mazingira walishauri kwamba kazi hiyo isiruhusiwe. Hata hivyo, mwaka 1997 Serikali iliikubali. Watu wa delta hawakuwa na neno moja, maana wengine walitumaini kupata kazi na barabara. Lakini wengi waliogopa kwamba mikoko itakatwa, maji yataharibika, na mashamba yao ya mpunga yatachukuliwa. Hao hawakuchukua mapanga. Walikutana vijijini mwao, wakapeleka malalamiko yao kwa wakubwa, wakasaidiwa na wanasheria na waandishi wa magazeti, kisha wakaipeleka habari yao Mahakama Kuu. Shamba lile la kamba halikujengwa.

4. Watu wa Lamu

Sasa twende Lamu. Mji wa Lamu ni mmojawapo wa miji mikongwe ya Waswahili ambayo ingali inakaliwa na watu. Njia zake ni nyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wake wengi hupata riziki yao baharini na katika mikoko, kama walivyofanya babu zao.

Tarehe 2 Machi 2012 viongozi wa Kenya, Sudani ya Kusini na Ethiopia walikutana Lamu kuanzisha kazi kubwa sana: bandari mpya katika ghuba ya Manda, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta vya kwenda mpaka nchi zisizo na bahari. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa kaskazini ya Kenya ilikuwa imeachwa nyuma muda mrefu. Lakini bandari ya meli kubwa yataka maji marefu. Na kuyafanya maji yawe marefu ni kuchimba chini ya bahari, mahali pale pale samaki wanapokaa na mvuvi wa mashua ndogo anapotega madema yake. Meli kubwa haiogopi maji ya mbali. Mvuvi mwenye mashua ndogo hawezi kumfuata samaki huko.

Hata kabla ya siku ile ya sherehe, vyama vingi vidogo vya wenyeji vilikuwa vimeungana chini ya jina la Save Lamu, yaani Okoeni Lamu. Ndani ya umoja huo walikuwamo wavuvi, wanawake, vijana na wazee. Mwaka 2012 baadhi ya wenyeji waliipeleka Serikali mahakamani. Walitegemea Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi yasiyodhuru afya.

Kesi ilichukua miaka sita. Jambo hili ni jepesi kusomwa na gumu kuvumiliwa. Katika miaka sita mtoto aliyeingia darasa la kwanza hufika mwisho wa shule ya msingi au karibu yake. Wazee walisafiri, walitoa ushahidi, walingoja, wakarudi tena; na wakati huo wote uchimbaji wa bandari ulianza na kuendelea.

Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ikatoa hukumu. Majaji walisema kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo, wala hawakupewa habari za kutosha. Na kwamba haki zao za mazingira, za utamaduni na za uvuvi zilivunjwa. Wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 1,760 hivi. Bandari haikufungwa, gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Na wavuvi, hata baada ya kushinda, walingoja miaka tena pasipo kuiona fedha. Kwa hiyo mtu asiwaambie ya kwamba sheria ni mlango ambao ukibishwa mara moja hufunguka.

Kabla kesi hiyo haijaisha, jambo la pili lilitokea. Kampuni iitwayo Amu Power ilikusudia kujenga huko Kwasasi, katika kaunti hiyo hiyo ya Lamu, mtambo wa kufanya umeme kwa makaa ya mawe. Nguvu yake ingekuwa megawati 1,050, na dohani yake ingepanda mita 210 hewani. Waliouunga mkono walisema kwamba nchi ina haja ya umeme, na vijana wana haja ya kazi. Maneno hayo yalikuwa na uzito, na katika Lamu walikuwako waliokubaliana nayo. Wapinzani waliogopa moshi, majivu, na maji ya moto yatakayorudishwa baharini penye mikoko na matumbawe. Mwezi wa Septemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya iliutolea mtambo huo cheti.

Save Lamu wakakata rufaa mwaka huo huo mbele ya baraza la taifa la hukumu za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likakifuta cheti kile. Yatupasa kuiangalia sana sababu mojawapo ya hukumu hiyo. Mikutano na wananchi ilikuwa imefanyika, lakini ile ya mwanzo ilifanyika kabla wataalamu hawajamaliza kupima madhara ya mtambo. Basi watu walikuwa wamesikia sifa za mtambo, lakini hawakuelezwa ipasavyo yaliyogunduliwa baadaye, wala hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuyajibu. Baraza liliona kwamba kumwita mtu mkutanoni kabla habari yenyewe haijajulikana si kumshirikisha. Ni sawa na kumwuliza mnunuzi kama akubali bei, naye hajaonyeshwa mali. Mwaka 2020 benki kubwa ya Kichina iliyotazamiwa kukopesha fedha ikajitoa katika kazi hiyo.

5. Tujifunze nini?

Tukilinganisha habari hizi, twaona mambo matatu.

La kwanza, watu waliilinda pwani kwa kuijua. Mvuvi wa Lamu aliposimama mbele ya majaji aliweza kueleza samaki gani hupatikana wapi, katika kusi na katika kaskazi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Hiyo ni elimu, ingawa haikuandikwa katika vyeti. Mtu asiyejua tofauti ya mchu na mkandaa hawezi kueleza amepoteza nini siku vitakapokatwa.

La pili, waliunganisha elimu hiyo na maandishi. Neno lisemwalo barazani husahauliwa au hupotoshwa. Neno lililoandikwa, likatiwa tarehe na sahihi, humngoja hakimu. Mara nyingi aliyeandika barua ya kwanza ya kijiji ni kijana aliyesoma shule kama yenu. Ninyi mjifunzao insha leo, huenda mkatakiwa kesho kuandika kwa ajili ya wazee wenu. Basi andikeni kweli tupu, maana uwongo mmoja mdogo katika barua huzivunja kweli zote zilizo pamoja nao.

La tatu, walivumilia. Hasira ya siku moja ni kama wimbi. Hupiga kwa kishindo ikarudi nyuma. Uvumilivu ni kama mizizi ya mkoko. Hauna kelele, na kila maji yanapojaa na kupwa huongeza tope kidogo. Tena walivumiliana wao kwa wao, maana ndani ya kijiji kimoja mmoja hutaka kazi na mwingine hutaka samaki, na wote wawili wana watoto wa kulisha. Mwenyezi Mungu ametupa bahari na akili pamoja, ili tuzungumze kabla ya kuharibu.

Katika Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yaagiza kwamba kazi kubwa zisianze kabla madhara yake hayajapimwa na maoni ya watu hayajasikiwa. Sheria hiyo yazuia pia kazi za kudumu ziwezazo kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 ni hatua 80 hivi za mtu mzima. Siku mtakapokwenda ufuoni, simameni pale maji yafikapo, mzihesabu hatua hizo kuelekea nchi kavu, kisha mgeuke mtazame. Mtaona jinsi kipande hicho kilivyo chembamba, na jinsi kilivyobeba vitu vingi: mtumbwi uliopinduliwa, nyavu zilizoanikwa, mama atafutaye chaza, na miche ya mikoko iliyochipuka jana. Yeye agaagaaye na upwa, hapo ndipo mahali pake.

Maswali

1. Eleza kwa nini vyombo vya bahari viliacha kufika Kaole.
2. Mchanga uchimbwao mtoni wawezaje kudhuru ufuo ulio mbali?
3. Taja faida mbili za mikoko kwa mtu asiyekata hata mti mmoja.
4. Watu wa Lamu walipata nini katika hukumu ya mwaka 2018, na ni nini wasichokipata?
5. Kwa nini baraza halikuridhika na mikutano iliyofanyika juu ya mtambo wa makaa ya mawe?
6. Waulize wazee watatu wa kijiji chenu ufuo ulifika wapi walipokuwa watoto. Andika majibu yao, pamoja na tarehe uliyowauliza, uyahifadhi.